Mwendo wa nukta juu ya uso wa tufe

Mwendo wa nukta juu ya uso wa tufe ni mada ya hisabati inayoeleza jinsi ya kupata mahali nukta itakapofika ikiwa mahali ilipoanzia, mwelekeo wake na umbali wake vinajulikana. Hesabu hii hutumiwa na mabaharia, marubani na wanaastronomia.

Juu ya tufe hakuna mstari ulionyoka. Njia fupi kuliko zote kati ya nukta mbili ni tao la duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha tufe. Ikweta ni duara kuu, na kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu. Mistari mingine ya latitudo ni miduara midogo zaidi.

Umbali kama pembe

Umbali hupimwa kwa pembe iliyopo kwenye kitovu cha tufe. Duniani, dakika 1 ya pembe (1/60 ya digrii) kwenye duara kuu ni takriban maili 1 ya bahari, yaani mita 1,852. Kwa mfano, Tanga iko kwenye latitudo 5°04' kusini na Dar es Salaam 6°48' kusini, karibu kwenye longitudo moja. Tofauti ni 1°44' au dakika 104, hivyo umbali ni maili za bahari 104, au km 193 hivi.

Kuelekea mashariki au magharibi, digrii 1 ya longitudo ni maili 60 kwenye ikweta tu. Kwingineko, 60 huzidishwa kwa kosini ya latitudo: kwenye latitudo 60° hubaki maili 30, na kwenye ncha 0.

Fomula

Nukta ikianza latitudo A, ikaenda umbali wa pembe d kwa mwelekeo m (unaopimwa kutoka kaskazini kupitia mashariki), latitudo mpya B hupatikana hivi:

sin B = sin A × cos d + cos A × sin d × cos m

Mfano: nukta inaanza kwenye ikweta (A = 0°), inaelekea kaskazini-mashariki (m = 45°) na kwenda 90°, yaani maili 5,400. Basi sin B = cos 45°, hivyo B = 45° kaskazini.

Mwelekeo hubadilika

Katika mfano huo, nukta huondoka ikielekea kaskazini-mashariki lakini hufika ikielekea mashariki kamili, ingawa haikukata kona. Chombo kinachoshika 45° ya dira muda wote hufuata njia nyingine, loksodromu, na baada ya maili zilezile hufika karibu latitudo 64° kaskazini. Mwanahisabati Mreno Pedro Nunes alieleza tofauti hiyo mwaka 1537. Kwenye ramani ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569 loksodromu huonekana kama mstari ulionyoka, lakini si njia fupi.

Tofauti ya njia hizo inaweza kuwa kubwa. Saint Petersburg (Urusi) na Anchorage (Alaska) ziko karibu na latitudo 60° kaskazini, zikitengana longitudo 180° hivi. Kufuata latitudo ni maili 180 × 30 = 5,400; kupita juu ya Ncha ya Kaskazini ni digrii 60 tu, yaani maili 3,600.

Usahihi

Dunia si tufe kamili: nusukipenyo chake ni km 6,378 kwenye ikweta na km 6,357 kwenye ncha. Kwa hiyo majibu ya fomula hizi ni ya kukadiria, na upimaji wa ardhi hutumia hesabu za duaradufu.