Panda: Kulindwa na Kuwa Hatarini

Jina "panda", la mnyama wa China, limekwisha kuzoeleka. Lina wenziwe katika lugha yetu: panda ya mti, na panda ipulizwayo kama baragumu. Upatanisho wa kisarufi hutosha kuyatenganisha, kwani panda hii si mnyama, na panda huyu si tawi. Hivyo sentensi "panda hupanda miti" ni sahihi kwa sarufi na kwa elimu ya wanyama pia. Ila kivumishi kisiachwe: panda mkubwa ni wa ukoo wa dubu, na panda mwekundu ni wa ukoo mwingine kabisa.

Panda mkubwa huishi peke yake katika misitu ya milima ya Sichuan, Shaanxi na Gansu. Chakula chake karibu chote ni mianzi, ilhali matumbo yake ni ya mla nyama, nayo hufyonza lishe kidogo tu. Kwa sababu hiyo hula kwa saa 10 hadi 16 kila siku, akishika bua kwa msaada wa mfupa wa kifundo cha mkono uliokua mithili ya kidole gumba. Mianzi haimpi akiba ya mafuta ya kumwezesha kulala majira yote ya baridi. Badala yake hushuka penye joto zaidi. Kwa hiyo neno "mvivu" halimstahili. Yeye hutumia nguvu zake kwa uangalifu. Jike huwa tayari kupandwa kwa siku chache tu katika mwaka, na mtoto huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi.

Sasa tuje kwenye istilahi. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2015 ilionyesha panda 1,864 porini. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile ulimtoa katika daraja la viumbe "walio hatarini kutoweka", ukamweka katika daraja la chini yake. China nayo ilitangaza vivyo hivyo mwaka 2021. Mfasiri akiandika kwamba panda "hayuko tena hatarini", ofisa asomaye huweza kudhani kuwa sheria imelegezwa. La hasha! China ingali ikimpa ulinzi wa daraja la kwanza, na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, uliomweka katika orodha yake ya kwanza mwaka 1984, haujamwondoa humo.

Basi tunapendekeza "anayelindwa" litumike kwa habari ya sheria pekee. Kwa habari ya hali ya kiumbe, ziwepo ngazi tatu za tishio: "aliye hatarini kabisa kutoweka", "aliye hatarini kutoweka", na "aliye rahisi kudhurika". Panda leo yumo katika ngazi hii ya tatu, naye angali analindwa.