Usiku kwenye zahanati, mkubwa ni nani?

Sisi walimu wa kujitolea tumezoea kuulizwa habari za madaftari na mitihani. Lakini siku hizi wazazi wakitukuta njiani wanauliza habari za zahanati. Swali ni lile lile: kwa nini mimi nimefika saa 11 alfajiri, na mtu aliyekuja saa 3 akapita mbele yangu? Na la pili, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: nani aliamua, na ni wa kabila gani?

Tuseme wazi, swali hili la pili ndilo linaloharibu. Tuliwahi kuona mama mmoja akimwambia muuguzi, "Dada, mimi nimelala hapa mlangoni, huyu umempitisha kwa sababu mnasemezana kwa lugha yenu!" Muuguzi akamjibu, "Mama, yule mtoto alikuwa na degedege, wa kwako anakunyonya vizuri, ngoja kidogo." Mama hakuamini. Watu wa mstari nao wakaanza kupiga kelele, kila mmoja na lake. Ikabidi atoke tabibu mkubwa wa zamu, akasimama katikati, akaeleza kwa Kiswahili, halafu mkalimani akarudia kwa Kirundi. Dakika tano tu, kelele zikaisha. Basi tukasema, hebu tuandike habari ya mtu huyu anayeitwa mkubwa wa zamu, maana wengi wetu hatumjui kazi yake.

Kwanza tusahihishe jambo moja. Sisi kila mwenye koti jeupe tunamwita daktari. Kumbe ndani kuna muuguzi, kuna mkunga, kuna tabibu aliyesoma miaka michache kuliko daktari, kuna mhudumu wa maabara, na daktari mwenyewe mara nyingi yuko mbali, anaitwa kwa simu. Usiku, kwenye zahanati nyingi za kambi na za vijijini katika nchi zetu hizi, mkubwa ni tabibu au ni muuguzi mzoefu. Watu wengine wakisikia hivyo wanakata tamaa: "Eti hakuna daktari, tutakufa." Wasikate tamaa haraka. Nchini Msumbiji walianza mwaka 1984 kuwafundisha matabibu wasio madaktari kufanya operesheni. Malawi nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika hospitali za wilaya, sehemu kubwa sana ya operesheni za akina mama wajawazito zilifanywa na matabibu wa namna hiyo, na matokeo yao hayakuwa mbali na ya madaktari. Kwa hiyo tusitazame cheo peke yake. Tuangalie kama yuko mtu mmoja anayejulikana kwamba leo, saa hizi, yeye ndiye anayeamua.

Sasa mambo ya mstari. Kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali yao, siyo kwa saa waliyofika, ndugu zetu waliosoma Kifaransa wanajua neno lake, triaji. Mama anapochambua maharage anatoa mawe kwanza, hafuati punje iliyo karibu na kidole. Jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, Dominique-Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon wa Ufaransa, aliweka sheria kwamba majeruhi mwenye hali mbaya zaidi atibiwe kwanza, awe ofisa au askari wa kawaida. Fikirini jeshini, mkubwa ana jeraha dogo, anaambiwa asubiri! Bila shaka wapo waliokasirika, kama tunavyokasirika sisi.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi uko karibu na sisi, Blantyre, Malawi, kwenye hospitali kubwa ya Queen Elizabeth. Pale palikuwa na kliniki ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Kliniki ile ile ilitoa chanjo, ikatibu mafua, na ikapokea pia watoto waliozimia. Wote walikutana mahali pamoja, watumishi wachache, wazazi wengi. Mtoto mahututi aliweza kukaa mgongoni kwa mama yake akisubiri, na hakuna aliyemtazama. Kati ya watoto 100 waliolazwa, waliofariki walikuwa 10 hadi 18. Wazazi, someni tena hesabu hiyo taratibu.

Daktari bingwa wa watoto Elizabeth Molyneux na wenzake wakakaa chini, wakaangalia kasoro ziko wapi. Wakabadili mpangilio wa vyumba ili watu wapite vizuri. Wakawafundisha watumishi kutambua mtoto wa hatari pale pale anapoingia, na nini cha kufanya mara moja. Wakapunguza mizunguko ya makaratasi. Wakawaunganisha watu wa kliniki na watu wa wodini, ambao zamani kila upande ulikuwa na mambo yake. Matokeo yaliandikwa mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani: vifo vya watoto waliolazwa vilishuka hadi 6 au 8 kati ya 100. Tunarudia, hospitali ile ile, mji ule ule, malaria ile ile. Kilichobadilika ni jinsi kazi ilivyopangwa. Na kupanga hakujipangi kwenyewe, lazima kuwe na mkubwa anayejua tiba, ambaye wenzake wanamsikiliza, na ambaye anakubali kutoka ofisini akaone mlango wa mbele ukoje.

Wataalamu wamegundua kwamba watoto wengi wanaofia hospitalini hufa ndani ya saa 24 za kwanza tangu wafike. Ndiyo maana mlango ni muhimu kuliko kitanda. Mafunzo ya kuchambua watoto mlangoni, ambayo WHO ilitoa kitabu chake mwaka 2005, yalijaribiwa Malawi na katika nchi nyingine kama Kenya, Niger na Cambodia. Yanagawa watoto makundi matatu. Kuna wa dharura, huyu anatibiwa sasa hivi, hata kadi haijaandikwa. Kuna wa kipaumbele, anapelekwa mbele ya mstari. Na kuna wa kusubiri zamu yake. Mahali pengine wanatumia rangi, nyekundu, njano na kijani.

Wa dharura ni mtoto asiyepumua vizuri, anayevuta pumzi kwa shida sana au ulimi wake umegeuka rangi ya bluu, mwenye mikono ya baridi na mapigo ya mbio yaliyo dhaifu, aliyezimia, mwenye degedege, na mwenye kuharisha ambaye amelegea, macho yameingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Wa kipaumbele ni mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, mwenye joto kali sana, aliyeumia, aliyekunywa sumu au mafuta ya taa, aliyeungua sana, mweupe viganjani kwa kukosa damu, aliyekonda mno, au aliyevimba miguu yote miwili. Pia yule aliyeletwa na barua kutoka kituo kingine. Basi, mkimwona mmoja wa hawa anapita mbele yenu, msiulize kabila.

Na huyo mkubwa wa zamu akishampokea mgonjwa wa dharura, anafanya nini? Hapa sisi tulishangaa, maana tulidhani mkubwa ndiye anayeshika sindano. Kumbe wanafundishwa kwamba mkubwa akiweza asimame miguuni pa kitanda, mikono yake iwe huru, aone yote. Anamwambia mmoja kwa jina, wewe weka hewa, wewe tafuta mshipa, wewe andika saa. Aliyeambiwa anarudia kwa sauti alichoambiwa, akimaliza anasema nimemaliza. Sisi walimu tunalijua hili: darasa la watoto wengi, mwalimu akiinama kumsaidia mmoja muda mrefu, nyuma kunawaka moto. Mkubwa pia ndiye anayeamua kuita gari la wagonjwa, na kuamua mapema. Tena mkubwa mzuri anakubali muuguzi mdogo amwambie, "Kaka, umesahau kupima sukari," bila kumfokea. Mahali ambapo mdogo anaogopa kusema, mgonjwa ndiye anayelipa.

Tanzania nayo, hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, na mwaka huo huo chuo cha pale kikaanza kuwasomesha mabingwa wa kazi hiyo. Kabla ya hapo, kazi hiyo haikuwa na mabingwa wake waliosomeshwa nchini. Kwa hiyo hata kwenye miji mikubwa jambo hili ni changa.

Tukirudi kambini, tunaomba viongozi wa vijiji walipeleke neno moja kwenye kikao cha afya. Kila zamu iandikwe ubaoni pale mlangoni: mkubwa wa leo ni fulani, na mkalimani ni fulani. Na zile dalili za hatari zibandikwe ukutani kwa lugha zetu. Mtu akiziona ukutani anajua sheria ni ya wote, hata yeye kesho inaweza kumsaidia. Kukaa kimya ndiko kunakoleta maneno.

Upande wetu wazazi nao una kazi. Mgonjwa wa hatari asisindikizwe na watu kumi, aingie mmoja anayejua habari yake: ilianza lini, amekunywa nini, amekojoa mara ya mwisho saa ngapi. Kama mlimpa dawa ya kienyeji au vidonge vya sokoni, semeni, hakuna atakayewafunga. Mtoto wa degedege mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Wa kuharisha, kama yuko macho na anaweza kunywa, mpeni maji ya chumvichumvi mkiwa njiani. Mama mjamzito anayetoka damu, au anayeumwa kichwa sana na kuona ukungu, asingojee asubuhi. Na mkifika mlangoni msianze na mlinzi, ulizeni kwa sauti: "Mkubwa wa zamu ni nani? Tuna mtu wa hatari."

Watoto wa darasa la 5 wameshaandika dalili zote katika daftari zao, kwa Kiswahili, na wengine kwa Kirundi na Kinyarwanda. Baba na mama ambao hawakusoma, mwambieni mtoto awasomee jioni. Wale wa darasa la 4 tutawaandikisha wiki ijayo, chaki ikifika.