Daktari naye hurudi darasani kusoma sheria

Je, mpenzi msomaji, unapolazwa hospitalini, una hakika kwamba daktari anayekuja na kisu anakujua wewe ni nani?

Mwaka 2018 Wakenya walipigwa na butwaa waliposikia kwamba katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kimakosa. Aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni ni mwenzake. Madaktari waling'amua hayo saa kadhaa baadaye, walipoitafuta damu hiyo wasiione. Ilielezwa kuwa vitambulisho vya wagonjwa hao vilichanganywa.

Kosa kama hilo halizuiwi na ustadi wa kushika kisu pekee. Ndiyo maana masomo ya daktari hayaishii chuoni. Hapa Kenya, ili leseni yake ifanywe upya kila mwaka, ni sharti apate angalau alama 50 za mafunzo ya kujiendeleza, yanayosimamiwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lililoitwa Bodi hadi mwaka 2019. Semina kuhusu uzembe na sheria ni sehemu ya mafunzo ya namna hiyo.

Huko hujifunza nini? Kwanza, kwamba si kila mgonjwa anayezidiwa ametendewa uzembe. Mahakama zetu hutumia kipimo cha kesi ya Bolam, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1957: je, daktari alitenda kama ambavyo wenzake wenye ujuzi huo wangetenda?

Pili, idhini. Sheria ya Afya ya 2017 inataka uelezwe, kwa lugha unayoielewa, hali yako, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake. Sahihi iliyotiwa kwa haraka mlangoni mwa chumba cha upasuaji haitoshi.

Tatu, maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Faili tupu humwacha daktari bila kinga kortini, na mgonjwa bila ushahidi. Aidha, daktari huitwa kortini kueleza alichojaza katika fomu ya P3 ya mtu aliyepigwa au kunajisiwa. Akiandika ovyo, huenda mhalifu akaponyoka.

Nne, kuhakikisha. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kukaguliwa wakati wa upasuaji, likiwemo jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, vifo vilipungua kutoka 15 hadi 8 kwa kila wagonjwa 1,000.

Nawe una wajibu wako. Taja jina lako kila unapoulizwa, hata mara ya kumi, bila kununa. Uliza dawa hii ni ya nini. Tunza kadi, risiti na picha za eksirei. Ukiona umedhulumiwa, andikia Baraza malalamiko yako, wala usikawie: kwa kawaida kesi ya fidia kwa uzembe hufunguliwa katika muda wa miaka 3.

Daktari mwema hachukizwi na maswali. Tena huko darasani amefunzwa kuyajibu. Basi muulize!