Ziwa lisiihadae kamera yako angani

Tuseme, msomaji, umekabidhiwa kazi ya kunasa video ya harusi katika ufuo wa Dunga, Kisumu. Maharusi wamepanda mashua, akina mama wanapiga vigelegele nawe umerusha droni yako juu ya maji. Jioni unafungua kompyuta na moyo unakupasuka. Shela la bibi harusi limekuwa doa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Nyuso za wasimamizi ni nyeusi kama mkaa. Isitoshe, maji yaliyoanza yakiwa buluu yamegeuka rangi katikati ya video. Je, utawaambia nini wazazi waliochanga pesa? Harusi hairudiwi.

Usiilaumu droni. Kosa ni kuiachia kamera ijiamulie kila kitu. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake, kisha hutafuta wastani. Ikiinamia maji yenye kiza, huongeza mwanga na shela huungua. Ikiinuliwa kuelekea mbingu au maji yanayomeremeta, hupunguza mwanga na nyuso hupotea gizani. Ndiyo maana video hupwesapwesa kila droni inapogeuka.

Rangi nayo ina kisa chake. Gugumaji likitanda mbele ya lenzi, kamera hudhani mwanga wenyewe ni wa kijani na hujaribu kuusahihisha kwa kuongeza uwaridi. Ikifika kwenye maji matupu hubadilisha nia tena. Dawa ni rahisi: kabla ya kurekodi, ondoa mpangilio wa kujiendesha, weka kipimo cha rangi kwenye 5500 Kelvin ikiwa jua limewaka, na usikiguse hadi droni itue.

Upande wa mwanga, weka ISO 100 na upimie kitu cheupe kuliko vyote, liwe shela au tanga la mashua. Droni nyingi huonyesha milia kama ya pundamilia mahali palipozidi mwanga. Punguza hadi milia iondoke kwenye shela, kisha ufunge kipimo hicho. Kumbuka: giza kidogo laweza kuangazwa baadaye kwenye kompyuta, lakini weupe ulioungua haurudi kamwe.

Hapa ndipo filta inapohitajika. Kwenye jua kali, lenzi ya f/2.8 yenye ISO 100 hudai kasi ya karibu 1/3200 ya sekunde. Kwa kasi hiyo makasia na mawimbi huonekana yakirukaruka. Ukirekodi picha 25 kwa sekunde, kasi inayofaa ni 1/50. Ili kuifikia unahitaji filta ya ND64, ambayo hupitisha sehemu moja tu kati ya 64 za mwanga. Asubuhi mapema, ND8 au ND16 yaweza kutosha.

Chagua saa vilevile. Kisumu i karibu kabisa na Ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi na vivuli huangukia machoni mwa watu. Ziwa liko magharibi mwa mji. Kwa hiyo ukilielekea asubuhi, jua liko mgongoni mwako na rangi hujitokeza vyema. Jioni utakuwa unalitazama jua lenyewe. Ukiona michirizi ya giza ikipita juu ya picha, huenda ni vivuli vya panga za droni vinavyoangukia lenzi. Geuza droni kidogo au uinamishe kamera.

Na kama video yote imepauka kana kwamba imefuliwa kwa sabuni kali, usikate tamaa. Huenda ulirekodi kwa mtindo wa logi, ambao huhifadhi rangi ili zirekebishwe baadaye kwa programu ya kuhariri.

Mwisho, usirushe kabla ya kutimiza masharti ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko ufuoni papo hapo.

Siku moja kabla ya harusi, nenda ufuoni saa ile ile utakayofanya kazi, urushe dakika tano na uitazame video nyumbani. Heri kugundua kosa wakati shela lingali kabatini.