Ron Santo, mchezaji aliyeficha ugonjwa wake

Huko Marekani watu wanapenda sana mchezo uitwao besiboli. Mchezaji hushika gongo la mti, na mpinzani humtupia mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu nyingi. Akiupiga hata ukavuka ua wa uwanja, huvizunguka vituo vyote vinne bila kuzuiwa, na watu humshangilia. Naye anayelinda kituo cha tatu husimama karibu na mpigaji. Mpira humfikia kama risasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Ron Santo.

Alizaliwa mwaka 1940 mjini Seattle. Alipokuwa na miaka 18, akiwa amekwisha kuandikwa na timu ya Cubs ya Chicago, waganga walimgundulia ugonjwa wa sukari. Wakati ule kijana mwenye ugonjwa huo hakutumainiwa kuishi siku nyingi. Santo aliogopa kwamba wakubwa wakijua watamfukuza. Basi alinyamaza. Alianza kuichezea Cubs mwaka 1960, akautunza mwili wake kwa siri kwa dawa ya insulini. Mwaka 1965 peke yake alicheza michezo 164. Hata alipoacha mwaka 1974, alikuwa ameupiga mpira nje ya ua mara 342, na kupewa tuzo ya ulinzi bora mara tano.

Mwezi wa Agosti 1971, siku ya kumheshimu uwanjani, aliutangaza ugonjwa wake mbele ya watu wote. Hakuna aliyemfukuza. Tangu hapo alisaidia kukusanya mamilioni ya dola kwa ajili ya watoto wenye ugonjwa huo.

Ugonjwa haukumwacha. Mwaka 2001 alikatwa mguu mmoja, na mwaka 2002 wa pili. Lakini alirudi redioni kutangaza michezo, akitembea kwa miguu ya bandia. Alifariki mwezi wa Desemba 2010, akaombewa katika Kanisa Kuu la Jina Takatifu, Chicago. Heshima kuu ya besiboli, aliyoingojea miaka mingi, alipewa mwaka 2012, akiwa amekwisha kufa.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara nyingi na kukonda, aende hospitalini upesi. Lakini tujiulize na sisi wazima: mgonjwa huficha kwa sababu anamwogopa nani? Mara nyingi anatuogopa sisi. Tusimcheke wala kumwondoa kazini au shuleni, naye atasema.