BARIDI YABISI: JE, KUHAMIA MAHALI PA JOTO KUTASAIDIA?



Wazee wengi waliotoka milima ya Masisi na Minembwe wanauliza kama maumivu ya viungo yataisha wakihamia Kampala, au wakiomba kupelekwa Adjumani kwenye joto. Kabla hujauza mbuzi na kufunga mizigo, soma haya.

Jina "baridi yabisi" linawafanya watu wafikiri kwamba ugonjwa huletwa na baridi. Sivyo. Viungo huuma kwa kuchakaa, uvimbe wa ndani, jeraha la zamani au maambukizi, na hata watu wa nchi za joto huugua. Joto hulegeza misuli na kutuliza maumivu, lakini haliponyi. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2019, wa wagonjwa zaidi ya 2,600, ulionyesha kuwa maumivu huongezeka kidogo siku za unyevu mwingi na upepo. Joto au baridi peke yake havikuleta tofauti ya maana.

Tena, Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, karibu sawa na Nakivale. Usitegemee joto jingi zaidi huko.

Ukiamua kuhama, angalia mambo manne:

1. Ukavu. Mabondeni kama Bwaise, mvua kubwa huingiza maji ndani ya nyumba. Kabla ya kulipa kodi, tazama alama za maji ukutani na uguse sakafu.

2. Mteremko. Kampala ni mji wa vilima. Chumba kikavu chenye ngazi nyingi kitakufungia ndani kama magoti ni mabovu.

3. Maji na kituo cha afya. Jerikani ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Nani atakubebea?

4. Chakula na watu. Anayeishi Kampala hutegemewa kujitegemea, na kodi hudaiwa kila mwezi. Majirani wanaokuchotea maji leo watabaki kambini.

Kuhamia kambi nyingine hupitia Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Usiondoke kabla ya kupata jibu.

Hapo ulipo unaweza kupata nafuu. Usilale juu ya simenti tupu, inua kitanda au tandika mkeka na godoro. Kanda kiungo kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Tembea kidogo kila siku. Lakini usilale na sigiri ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa kiungo kimevimba na kuwa cha moto pamoja na homa, ikiwa mtoto anaumwa viungo baada ya kuumwa koo, au ikiwa mwenye selimundu anapata maumivu makali. Hayo hayangoji kuhama.

Ukiwa na swali, mwone mfanyakazi wa jamii wa zoni yako. Anayeshindwa kutembea atume mtoto, tutamfuata nyumbani.