Krimu ya mdomo ilivyomkosesha Olimpiki: habari ya Therese Johaug

Hebu leo tuache mpira kidogo, twende kwenye theluji. Najua wengi wetu theluji tunaiona kileleni Kilimanjaro tu, tena kwa mbali. Lakini habari hii inamhusu kila anayecheza michezo, awe anakimbia Arusha, Iten au anabeba vyuma gym ya mtaani. Ni habari ya dada mmoja aliyefungiwa miezi 18 kwa sababu ya krimu ya kupaka mdomo.

Anaitwa Therese Johaug, Mnorway, kazaliwa tarehe 25 Juni 1988. Amekulia Dalsbygda, kijiji kidogo sehemu za Os. Mwili wake ni mdogo, urefu kama sentimita 162 hivi, ila akianza kupanda mlima hakamatiki.

KWANZA, MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Ni skii za masafa, au tuseme mbio za nyika juu ya theluji. Mchezaji anavaa vibao viwili virefu vyembamba miguuni, anashika fimbo mbili mikononi, halafu anasukuma. Siyo kuteremka mlima tu kama mnavyoona kwenye sinema. Hapa mlima unaupanda mwenyewe kwa miguu na mikono, unashuka, unapanda tena. Kuna mtindo wa asili, ambapo vibao vinapita kwenye mifereji miwili iliyochorwa kwenye theluji, na kuna mtindo huru, ambapo unasukuma miguu kwa pembeni kama mtu anayeteleza kwenye barafu.

Sisi huku siyo wageni kabisa wa mchezo huu. Mtakumbuka Mkenya Philip Boit kwenye Olimpiki ya Nagano, 1998. Alimaliza wa mwisho, na Mnorway Bjørn Dæhlie aliyeshinda mbio ile akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Kwa Wanorway mchezo huu ni kama riadha kwa Wakenya, yaani mtoto anaukuta nyumbani.

Na ugumu wake siyo wa kitoto. Mwaka 2020 Johaug alivua skii akaingia uwanja wa Bislett, Oslo, akakimbia mita 10,000 kwa dakika 31 na sekunde 40. Wanaojua riadha wanaelewa huo siyo muda wa mtu anayejaribu jaribu.

ALIVYOPANDA

Mwaka 2007 kwenye mashindano ya dunia ya Sapporo, Japani, akiwa na miaka 18 tu, alichukua shaba ya kilomita 30. Mwaka 2010 akapata dhahabu ya Olimpiki Vancouver, lakini ile ilikuwa ya kupokezana, watu wanne. Mwaka 2011 mashindano ya dunia yakafanyika nyumbani kwao Oslo. Kilomita 30 akashinda, na nyuma yake nafasi ya pili alikuwa Marit Bjørgen, Mnorway mwenzake aliyekuwa malkia wa mchezo huu. Falun 2015 akaondoka na dhahabu tatu. Kombe la Dunia la jumla akalibeba 2014, na tena 2016.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinakosekana, nacho ni dhahabu ya Olimpiki ya peke yake. Sochi 2014 alipata fedha na shaba. Kwa hiyo macho yote yakawa kwenye Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, Februari 2018. Angekuwa na miaka 29, umri wenyewe kabisa.

SASA TUJE KWENYE KRIMU

Mwishoni mwa Agosti 2016 timu ilikuwa kambini Livigno, Italia, milimani. Jua la kule likamuunguza midomo, ikapasuka. Daktari wa timu akaenda duka la dawa, akanunua krimu inaitwa Trofodermin. Kwa maelezo yao wawili, Johaug alimuuliza daktari kama krimu ile haina shida na orodha ya dawa zilizokatazwa, daktari akajibu haina. Akapaka siku kadhaa mwezi Septemba.

Kumbe ndani ya krimu ile mna clostebol, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo mwanamichezo hatakiwi kuwa nayo mwilini. Na kibaya zaidi, kwenye boksi lenyewe paliandikwa onyo la dawa za michezoni, siyo kwa kificho. Tarehe 16 Septemba wapimaji wakachukua mkojo wake. Oktoba habari ikatoka. Johaug alilia mbele ya waandishi wa habari, akasema hana hatia. Daktari akasema kosa ni lake, akajiuzulu.

Wengi hapa watasema basi, yaishe, daktari kakubali kosa. Lakini sheria za michezo haziendi hivyo.

KWA NINI ALIFUNGIWA WAKATI DAKTARI KAKUBALI?

Kanuni ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa hizi, inasema hivi: kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Haijalishi kimeingiaje. Ukishaonekana nacho, kosa lipo tayari. Kinachobaki kujadiliwa ni ukubwa wa uzembe wako, na hapo ndipo adhabu inapopungua au kuongezeka. Kwa dawa za aina hii mtu aliyekusudia anaweza kufungiwa miaka minne.

Hakuna jopo lililosema Johaug alikusudia kudanganya. Hilo tuliweke wazi. Februari 2017 jopo la Norway lilimpa miezi 13. Kuhesabu kuanzia tarehe 18 Oktoba 2016, angemaliza Novemba 2017 na Olimpiki angeiwahi vizuri tu. Lakini Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, likaona adhabu ni ndogo, likakata rufaa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Agosti 2017 mahakama ikaamua miezi 18. Maana yake mwisho ni tarehe 18 Aprili 2018. Olimpiki inaisha Februari. Basi, imekwenda.

Hoja ya mahakama ilikuwa nyepesi kueleweka. Wewe ni mchezaji wa kiwango cha juu, unapimwa kila mara, unazijua kanuni. Kumuuliza daktari ni vizuri, lakini hakutoshi. Ungegeuza boksi ukalisoma, onyo ungeliona.

Hapa watu wamegawanyika mpaka leo. Upande mmoja unasema huu ni uonevu. Mchezaji siyo mfamasia, amepewa daktari ili amwamini, sasa anaadhibiwa kwa kumwamini. Upande wa pili unajibu kwamba kanuni ikilegezwa, kesho kila mdanganyifu atakuja na daktari wake wa kumbebea msalaba, na hakuna atakayefungiwa tena. Mimi naona upande wa pili una nguvu zaidi, ingawa roho inauma. Kanuni isiyosikiliza machozi ndiyo hiyohiyo inayomlinda mkimbiaji msafi asiporwe medali na aliyejidunga. Ila siyo rahisi kusema hivyo ukikumbuka kwamba huyu alipoteza Olimpiki nzima kwa kupaka mdomo uliopasuka.

ALIVYORUDI

Johaug angeweza kuacha. Hakuacha. Alifanya mazoezi muda wote bila mashindano, halafu Novemba 2018 akarudi Kombe la Dunia kule Ruka, Finland, akashinda kilomita 10. Mashindano ya dunia ya Seefeld, Austria, 2019, akachukua dhahabu tatu za peke yake. Oberstdorf, Ujerumani, 2021, dhahabu nne. Hesabu yake ya dhahabu za dunia ikafika 14.

Halafu ikaja Beijing, Februari 2022. Ana miaka 33. Tarehe 5 akashinda skiathloni, ile mbio ambayo nusu ya kwanza ni mtindo wa asili na nusu ya pili mtindo huru, akamwacha wa pili kwa sekunde 30. Ikawa dhahabu ya kwanza kabisa kutolewa kwenye michezo ile, na dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya peke yake. Kilomita 10 akamshinda Kerttu Niskanen wa Finland kwa sehemu nne za kumi za sekunde, yaani kufumba na kufumbua. Kilomita 30 akamwacha Mmarekani Jessie Diggins kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Dhahabu tatu kwa safari moja.

Baada ya msimu huo akastaafu, mwaka 2023 akajifungua mtoto wa kike, halafu akarudi tena! Januari 2025 akashinda Tour de Ski kwa mara ya nne. Mashindano ya dunia ya Trondheim mwaka huohuo alipata medali, ila dhahabu za mbio ndefu zilikwenda kwa Wasweden Ebba Andersson na Frida Karlsson.

KWETU SISI

Kanuni iliyomfunga Johaug ndiyo hiyohiyo inayomhusu mwanariadha wa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na daktari wa timu na wanasheria. Kijana wetu ana duka la dawa la pale kona na rafiki anayemwambia "meza tu, haina noma". Kwa hiyo wewe unayekimbia au kucheza ligi, dawa ya kifua, sindano, krimu, unga wa kwenye kopo, vyote soma boksi kwanza. Usipoelewa lugha yake, usitumie mpaka upate mtu anayeielewa, na uiangalie kwenye orodha ya WADA, iko wazi kwenye mtandao.

Haya wadau, ungekuwa wewe ndiye jaji, ungempa miezi 13, 18, au ungemwachia? Uwanja ni wenu.